Jinsi vibanzi vilivyoacha kuwa mlo wa siku maalumu

KUNA wakati ambapo sahani ya vibanzi na kuku ilikuwa ahadi. Mtoto aliyefanya vyema katika mtihani, au aliyeletwa mjini kununuliwa sare mpya ya shule, ndiye aliyeketishwa katika mkahawa wa barabara kuu ya Nairobi, Nakuru au Mombasa, akawekewa sahani hiyo pamoja na chupa ya soda. Aliporudi kijijini alisimulia muhula mzima.

Siku hizi hakuna anayesimulia. Mwanafunzi wa chuo hununua vibanzi Jumatatu jioni kwa sababu tu hakutaka kuwasha jiko. Karani wa afisi huvinunua Jumatano saa saba mchana kwa kuwa foleni ni fupi. Mzazi aliyekwama katika msongamano wa magari huviagiza Ijumaa akiwa bado njiani, navyo humtangulia nyumbani vikiwa juu ya pikipiki. Chakula ni kile kile, au karibu kile kile. Kilichobadilika ni idadi ya safari.

Mijadala ya vyakula vya haraka aghalabu hujikita katika kilichomo ndani ya sahani: mafuta, chumvi, ngozi ya kuku. Hayo yana uzito wake. Hata hivyo, swali ambalo watafiti wa lishe wamejifunza kulitanguliza ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: mara ngapi kwa wiki, na kwa miaka mingapi?

Jibu mashuhuri zaidi lilitolewa Januari 2005 katika jarida la tiba la The Lancet. Watafiti wa Marekani walikuwa wamewafuatilia vijana 3,031, weusi kwa weupe, kutoka miji ya Birmingham, Chicago, Minneapolis na Oakland. Walipoanza kuchunguzwa mnamo 1985 na 1986 walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 30. Miaka 15 baadaye waliulizwa tena, wakapimwa tena.

Wanawake weupe ndio waliozuru mikahawa ya vyakula vya haraka kwa nadra zaidi, takriban mara 1.3 kwa wiki. Makundi mengine, wanaume wa rangi zote mbili na wanawake weusi, yalikaribia mara mbili kwa wiki. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo mno kuzua mjadala. Ni kama safari tatu tu kwa mwezi.

Lakini watafiti hao walipowatenga waliokula huko zaidi ya mara mbili kwa wiki, mwanzoni na mwishoni mwa kipindi hicho, wakawalinganisha na waliokula chini ya mara moja kwa wiki nyakati zote mbili, walikuta kwamba kundi la kwanza lilikuwa limeongeza kilo 4.5 zaidi ya lile la pili. Isitoshe, ukinzani wa miili yao dhidi ya insulini ulikuwa umeongezeka maradufu ukilinganishwa na ule wa wenzao. Insulini ni homoni inayoamuru sukari iondoke katika damu na kuingia katika seli. Mwili unapoanza kuipuuza amri hiyo, safari ya kuelekea kisukari cha aina ya pili huwa imeanza.

Ni sharti isemwe kwamba makundi hayo mawili ya mwisho yalikuwa madogo: watu 87 upande mmoja na 203 upande wa pili. Pia, anayekula baga mara tatu kwa wiki huenda ana mazoea mengine yasiyofaa, na watafiti, hata wakijitahidi vipi kuyaondoa mambo hayo katika hesabu zao, hawawezi kuyaondoa yote. Licha ya dosari hizo, utafiti huo uliweka wazi jambo ambalo hapo awali lilikuwa dhana: kula mara moja moja na kula kwa mazoea ni mambo mawili tofauti, na mpaka kati yake uko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Mtu huvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa kuongeza safari mbili tu katika wiki.

Sasa, watu hawa huhesabiwa vipi? Njia ya kwanza ni kumuuliza mhojiwa moja kwa moja hula huko mara ngapi kwa wiki. Njia hii ni rahisi ila ina kasoro kubwa, kwamba watu husahau, na wasiposahau huona haya. Njia ya pili ni kumuuliza kila alichotia kinywani katika muda wa saa 24 zilizopita, na alikitoa wapi. Mtu mmoja kwa siku moja hasemi mengi, lakini maelfu ya watu kwa siku tofauti hutoa picha ya taifa zima.

Njia hiyo ya pili ndiyo inayotumiwa na kituo cha takwimu za afya cha serikali ya Marekani. Kati ya 2013 na 2016, kituo hicho kilikuta kwamba asilimia 36.6 ya watu wazima nchini humo walikuwa wamekula chakula cha haraka katika siku yoyote ile. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20 hadi 39 kiwango kilikuwa asilimia 44.9. Kwa waliofikisha miaka 60 na zaidi kilishuka hadi 24.1.

Takwimu iliyowashangaza wengi ilihusu mifuko. Ilikuwa ikiaminika kwamba baga ni chakula cha maskini wa Marekani. Kumbe wenye mapato ya chini walikuwa asilimia 31.7, wa kati 36.4, na wenye mapato ya juu 42.0. Aliye na pesa hununua muda, na chakula cha haraka, kama jina lake linavyodokeza, ni muda uliofungwa ndani ya karatasi.

Historia ya huko inalieleza jambo hilo vyema. Mnamo 1948 ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walifunga kwa muda mkahawa wao wa San Bernardino, jimboni California, wakaupanga upya kama kiwanda. Walipunguza aina za vyakula, wakaondoa sahani na wahudumu, wakampa kila mpishi kazi moja. Baga iliuzwa senti 15. Ray Kroc alifungua tawi lake la kwanza karibu na Chicago mnamo 1955, na yaliyofuata yanajulikana. Mwandishi Eric Schlosser, katika kitabu chake Fast Food Nation cha 2001, alikadiria kwamba Wamarekani walitumia dola bilioni sita kwa vyakula hivyo mnamo 1970, na zaidi ya dola bilioni 110 miongo mitatu baadaye.

Mkondo huo haujapanda bila kikomo. Mnamo 2003 hadi 2006, chakula cha haraka kiliwapa watu wazima wa Marekani asilimia 12.8 ya kalori zao. Kati ya 2007 na 2010, kipindi ambacho uchumi wa dunia uliyumba, kiwango kilishuka hadi 11.3. Kilipanda tena kufikia takriban 14 mnamo 2013 na 2014, kisha kikarudi karibu 12 katika takwimu za 2021 hadi 2023. Kwa hivyo mazoea ya ulaji hupanda na kushuka kulingana na bei na hali ya mifuko, kama mazoea mengine yoyote ya mnunuzi.

Nchini Kenya, kula nje ya nyumba hakukuletwa na kampuni za kigeni. Mwambao ulikuwa na utaratibu wake tangu jadi: mahamri kwa mbaazi asubuhi, viazi vya karai, bajia na mishkaki jua linapotua. Familia nyingi za Mombasa na Lamu hununua staftahi mlangoni mwa jirani, na hakuna anayeona ajabu. Bara nako, kibarua wa mjini amekuwa akila katika vihoteli vya mabati tangu Nairobi ilipoanza kuwa na vibarua. Chai, mandazi, madondo kwa chapati: hivi vyote ni vyakula vya haraka kwa maana ya kwamba anayevila hakuvipika na hakungoja.

Vibanzi na kuku wa kukaangwa vilikuja na hadhi nyingine. Mikahawa yenye jina la Wimpy, jina lililoanzia Marekani, ilikuwa mahali pa miadi ya wapenzi na ziara za familia katikati ya Nairobi enzi za miaka ya sabini na themanini. Kampuni ya kuku ya Kenchic ilianzishwa mnamo 1984, na baadaye maduka yaliyobeba jina lake yakaeneza kuku wa kukaangwa hadi mitaa ya kawaida. Katika miaka ya tisini zilifika Steers kutoka Afrika Kusini na zile za jamii ya Inn, yaani Chicken Inn, Pizza Inn na Creamy Inn, kutoka Zimbabwe.

KFC ilifungua mkahawa wake wa kwanza jijini Nairobi mnamo Agosti 2011. Domino's ilifuata 2014, Burger King 2016. McDonald's, iliyoanzisha mchezo wote huu, haijafungua hata mkahawa mmoja nchini.

Hata hivyo, majina haya makubwa hayaelezi kwa nini safari zimeongezeka. Ni lazima mtu aangalie jinsi siku ya mkazi wa mjini ilivyopangwa. Nairobi ilikuwa na watu 827,775 katika sensa ya 1979. Katika sensa ya 2019 ilikuwa na 4,397,073. Jiji lililokua kiasi hicho liliwasukuma wakazi wake mbali na kazi zao, Kitengela, Ruiru, Rongai na kwingineko. Anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku hapiki maharagwe. Maharagwe makavu, au githeri, huhitaji saa kadhaa jikoni, na kila saa ni makaa au gesi inayoteketea. Vibanzi vilivyokwisha kumenywa huiva kwa dakika zisizozidi 15, tena kwa moto wa mtu mwingine.

Hapa ndipo lawama rahisi zinapokosa mahali pa kutua. Mama wa nyumba moja ya kupanga katika mtaa wa Kayole au Bangladesh, Mombasa, akipiga hesabu ya makaa, mafuta, maji na muda wake, huenda akaona kwamba kumnunulia mtoto vibanzi vya kibandani ni nafuu kuliko kumpikia. Hesabu yake si mbovu. Inaacha tu gharama moja, nayo ni ile itakayolipwa hospitalini baada ya miaka 20.

Kisha kuna simu. Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na ile ya kulipia bidhaa dukani ikafuata 2013. Uber Eats iliingia Nairobi 2018, Glovo 2019. Jumia Food, iliyokuwa miongoni mwa watangulizi, ilifunga shughuli zake Desemba 2023, lakini kufikia wakati huo wateja walikuwa wamekwisha kuzoea kuletewa. Hatua ambazo zamani zilimpa mtu nafasi ya kughairi, kama vile kuvaa viatu, kutembea hadi barabarani na kutoa noti mfukoni, zimeondolewa moja baada ya nyingine.

Uzito wa mazoea haya ulidhihirika Januari 2022, pale KFC ilipoishiwa na vibanzi nchini. Viazi vyake vilikuwa vikiagizwa kutoka nje, na meli zilikuwa zimecheleweshwa na misukosuko ya usafiri iliyoletwa na janga la Covid-19. Wateja walielezwa kwamba wangeweza kubadilisha vibanzi na vyakula vingine, ugali ukiwemo.

Ghadhabu ililipuka mitandaoni, wala haikuwa ya njaa. Wakenya walitaka kujua ni vipi nchi ambayo kiazi ni zao lake la pili la chakula baada ya mahindi ingengojea meli ilete vibanzi, huku wakulima wa Nyandarua, Meru na Molo wakilia kwa kukosa soko. Kampuni hiyo ilijibu kwamba wasambazaji wake sharti watimize viwango vyake vya kimataifa vya ubora, kisha ikaahidi kutafuta wasambazaji wa humu nchini.

Mkasa huo ulionyesha pia mgawanyiko ambao takwimu hazijaukamata. Wakati mikahawa mikubwa ilipokosa vibanzi, vibanda havikukosa hata siku moja. Vibanda hutumia Shangi, kiazi kinachokomaa haraka, kinachoiva haraka, na kinachochipua haraka vilevile kikiwekwa ghalani, ndiyo maana hukimbizwa sokoni. Uchumi mzima wa kiazi hicho, kuanzia shamba la Kinangop hadi karai la Githurai, umejengwa juu ya mteja anayerudi kesho.

Swali basi ni hili: mtafiti akija Nairobi na dodoso la Marekani, amuulize mhojiwa kama jana alikula katika mkahawa wa vyakula vya haraka, atajibiwa nini? Aliyekula vibanzi kando ya kituo cha matatu atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli kadiri anavyolielewa swali. Kwake, mkahawa wa aina hiyo ni ule wenye taa na viyoyozi. Vile vya karatasi si mkahawa, na soseji ya smoki aliyopasuliwa na kujazwa kachumbari akiwa amesimama si mlo. Serikali za kaunti huvihesabu vibanda kwa makini siku ya kukusanya ushuru. Waliaji wake hawahesabiwi.

Zipo, hata hivyo, dalili za pembeni. Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) hupima mfumko wa bei kwa kutumia kapu la bidhaa na huduma ambazo familia hununua, kila moja ikipewa uzani kulingana na sehemu ya matumizi inayochukua. Katika kapu la 2009, mikahawa na hoteli zilichukua chini ya sehemu tano katika kila 100. Kapu lilipopangwa upya kwa kutumia mwaka wa 2019 kama msingi, kundi hilo, likiwa sasa linaitwa mikahawa na malazi, lilichukua takriban sehemu nane. Si vibanzi vyote hivyo. Humo mna ugali kwa mboga wa kihotelini, chai na vyumba vya kulala. Lakini linaonyesha pesa za chakula zinavyotoka jikoni na kuelekea barabarani.

Dalili ya pili iko kwenye mizani. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya (KDHS) wa 2008 na 2009, robo ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Mnamo 2014 walikuwa asilimia 33. Utafiti wa 2022, uliowatenga wasichana wa chini ya miaka 20, ulikuta asilimia 45 miongoni mwa wenye miaka 20 hadi 49. Hata tukikubali kwamba makundi hayo ya umri hayalingani sawasawa, mwelekeo hauna utata. Vyakula vya haraka si chanzo pekee: kazi za kukaa, matatu za kubebwa hadi mlangoni, sukari katika chai na mafuta katika kila mboga ya nyumbani vyote vimo.

Watoto ndio wanaostahili kuangaliwa kwa jicho la karibu zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mnamo 2004 ulikuta kwamba karibu thuluthi ya watoto nchini humo walikula chakula cha haraka katika siku ya kawaida, na kwamba waliokila walipata kalori 187 zaidi ya wenzao siku hiyo. Hizo si nyingi. Ni kama za chupa ya soda na ziada kidogo. Zikirudiwa mara mbili au tatu kwa wiki tangu darasa la kwanza, mwili hauzisahau.

Chumvi nayo ina hesabu yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kitunga chumvi cha kibandani, kile cha kopo lililotobolewa matundu kwa msumari, hakina kipimo chochote ila mkono wa mteja.

Anayetaka kujua yeye binafsi yuko upande gani wa mpaka ule wa mara moja na mara mbili kwa wiki hahitaji mtafiti. Akiulizwa, karibu kila mtu husema anakula vyakula hivi "mara moja moja". Ila malipo mengi siku hizi hupitia simu, na taarifa ya M-Pesa ya miezi sita huweza kuitishwa bila kutoka nyumbani. Majina ya mikahawa yamo humo, pamoja na nambari za till za vibanda, tarehe na saa. Kinachosalia ni kuzihesabu safari hizo na kuzigawanya kwa wiki 26.